Stempu za Fungu la Mama

Kila asubuhi, jua likishapanda la kutosha kufukuza baridi ya Iringa kibarazani, Evarista alimshika mama yake mkono, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti chenye mto na kumfunika miguu kwa blanketi. Na kila asubuhi bibi Tupokigwe, alipokwisha kuketi vizuri, aliuliza swali lile lile.

"Kitabu cha baba yenu kiko wapi?"

"Kipo ndani, mama."

"Kilete nikisome."

Siku ya kwanza alipoombwa hivyo, Evarista alikileta. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada jekundu lililopauka. Kurasa zake zilikuwa na vikanda vyembamba vya karatasi laini, vilivyobandikwa kwa chini tu, ili stempu zichomekwe humo bila gundi. Mama alifungua ukurasa wa kwanza. Vikanda vilikuwa vitupu. Akafungua wa pili na wa tatu, akapitisha kidole juu ya kila kikanda kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo, kisha akamtazama binti yake.

"Wamekwenda wapi wote?"

Mama akalia machozi ya kizee, yasiyo na sauti, na uji wake ukapoa palepale. Tangu siku hiyo Evarista alisema tu kwamba kitabu kipo ndani, halafu akabadilisha mazungumzo.

Bibi Tupokigwe alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau kwamba amekwisha kula. Halafu akasahau majina ya wajukuu, na mkwe wake Adrian, mume wa Evarista, akawa anaitwa "mchungaji", naye Adrian, mtu wa utani, akawa anaitikia kwa kumbariki. Kila mwezi ulipokwisha, kitu kimoja zaidi kilikuwa kimeondoka. Lakini kitabu chekundu kilikuwa bado kimo kichwani mwake, na Evarista aliona wazi kwamba siku moja nacho kitaondoka. Alitaka mama akisome kikiwa kimejaa kabla siku hiyo haijafika. Hilo ndilo aliloliomba kila alipopiga magoti.

Kitabu kile kilikuwa cha baba yao, mzee Dastan, aliyefanya kazi kwenye dirisha la kuuzia stempu katika posta ya Mbeya. Stempu za kila siku hakuzijali. Alipenda zile za kumbukumbu, zinazotolewa kwa ajili ya jambo moja, mwaka wa uhuru, mwaka wa mtoto, treni, maua, na zikishaisha dirishani haziji tena. Karibu kila toleo lilikuwa na stempu nne, picha nne tofauti na bei nne tofauti. Mzee Dastan alinunua seti moja kila toleo, kwa pesa yake, akaipeleka nyumbani ndani ya kitabu cha nyimbo ili isijikunje.

Mama alikuwa ameolewa bila kujua hata herufi moja. Madarasa ya ngumbaro, ya kuwafundisha watu wazima kusoma, yalipoanza, akaenda jioni pamoja na wanawake wenzake, mtoto mgongoni, na aliporudi mumewe alimpa zoezi la nyumbani kutoka kwenye kitabu chekundu. Neno la kwanza alilosoma maishani mwake lilikuwa Tanzania. La pili lilikuwa Uganda na la tatu Kenya, kwa sababu zamani hizo nchi tatu zilikuwa na posta moja, na majina yote matatu yaliandikwa kwenye stempu moja. Mama hakuacha kushangaa jambo hilo. Watoto walipopigana alikuwa akiwafungulia ukurasa wa kwanza na kuwaambia, "Tazameni. Nchi tatu kwenye karatasi ndogo kama ukucha, na hazikanyagani. Nyie watatu mna nyumba nzima!"

Mzee Dastan alipofariki, ukoo ulikaa siku ya kuanua tanga kugawa vitu vyake. Baba mdogo Yohane ndiye aliyesimamia. Alikuwa mtu wa haki mpaka kwenye punje. Hata redio aliitafutia njia, mmoja akapewa redio na mwingine meza yake. Ilipofika zamu ya kitabu, mtu mmoja akasema kitabu hakigawanyiki, apewe mmoja tu.

"Nani kasema?" baba mdogo Yohane aliuliza. "Warithi ni wangapi? Filemoni, Evarista, Brayson, na mama yao. Wanne. Hebu hesabuni humo ndani, kila kikanda kina picha ngapi?"

Wakahesabu. Nne, nne, nne.

"Basi marehemu mwenyewe alikwisha kugawa," akasema, na wazee wote wakaguna kwa kuridhika.

Akaamua kwamba mkubwa achukue kikubwa. Filemoni, kifungua mimba, akapewa zile zenye namba kubwa kuliko zote. Evarista akapewa zinazofuata, Brayson zinazofuata tena, na mama, mjane asiye na makuu, akapewa zile za bei ya chini kabisa. Stempu zikachomolewa moja moja na kuwekwa mafungu manne juu ya mkeka, kama wanavyogawa nyama. Hakuna aliyenung'unika. Baba mdogo Yohane alisifiwa siku ile mpaka akaona aibu. Kitabu chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kimebaki kitupu, hakikutakiwa na mtu, mama akakichukua akakitia kwenye sanduku lake la nguo.

Sasa, miaka mingi baadaye, Evarista alilitoa fungu lake kutoka kwenye mfuko wa Biblia yake, akakaa karibu na mama kibarazani.

"Mama, la kwako liko wapi? Zile stempu ulizopewa siku ya tanga."

"Nilizituma."

"Ulizituma wapi?"

"Kwa wanangu," mama alisema, akishangaa kuulizwa. "Stempu ni ya kutuma."

Ndipo Evarista akakumbuka. Kwa miaka kadhaa baada ya msiba, alipokuwa ameshaolewa Iringa, alikuwa akipata barua za mama zenye mwandiko mkubwa wa ngumbaro, na kila bahasha ilikuwa na stempu mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, ya kulipia safari. Ya pili ilikuwa ya zamani, ya shilingi moja ambayo haikutosha kulipia chochote tena. Wakati mmoja alikuwa Mbeya akamsindikiza mama posta, akaona inavyofanyika. "Hii ni ya kulipia," mama alimwambia karani, "na hii ni ya baba yao." Akailamba, akaibandika, akaikandamiza kwa kidole gumba na kukiacha hapo kwa muda mrefu, macho yamefumba, akitaja jina la mtoto mpaka stempu iliposhika. Karani akacheka, lakini aligonga muhuri juu ya zote mbili, kwa heshima ya mzee Dastan.

Na Evarista alizifanya nini bahasha zile? Alizisoma barua, akazitunza barua, na bahasha akawashia jiko la mkaa.

Alikaa na aibu hiyo moyoni siku nzima. Jioni alimwambia mumewe kwamba anakwenda Mbeya kutafuta zilizobaki.

"Nenda," alisema Adrian. "Nyie Wanyakyusa mkigawana hata kivuli mnakata vipande. Mimi na mama tutabaki hapa, nitaendelea na uchungaji wangu."

* * *

Basi lilimshusha kwanza Nyololo, kwa Brayson, aliyekuwa na gereji ya matairi kando ya barabara kuu. Alimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Dada!" miguu ikasema. "Nimekujua kwa viatu. Viatu vya kanisani siku ya kazi, kuna jambo."

Alipotoka na kusikia jambo lenyewe, hakuuliza swali hata moja. Aliingia ndani akarudi na kasha la kanda ya kaseti. Ndani, badala ya kanda, lilikuwamo fungu lake la stempu, safi kama siku ya tanga.

"Na bahasha za mama? Zile alizokuwa anakutumia?"

Brayson alijikuna kichwa kwa mkono wenye grisi. "Bahasha? Dada, nilikuwa kijana wa stendi, leo nalala hapa kesho pale. Sina hata moja."

"Mimi nilizichoma."

Walitazamana, kisha wote wawili wakatazama barabara, malori yakipita.

"Zamani sana kaka mkubwa naye alikuwa anapata," alisema Brayson. "Alipokuwa bado kule mpakani. Ila huyo hakuwahi kujibu hata moja. Atakuwa alizitupa siku hiyohiyo." Akafuta mikono yake. "Na nikuambie, dada. Filemoni hana shida na stempu. Shida yake ni mama. Usifike pale ukaanza na stempu."

Evarista alijua. Mama alikuwa amekuja Iringa kwa kipaimara cha mjukuu tu, akaanguka bafuni, daktari akakataza asisafirishwe mbali. Kutoka siku zikawa miezi, na miezi ikawa mwaka wa pili. Filemoni, kifungua mimba, ambaye kwa desturi ndiye wa kukaa na mama, hakukubali kwamba ni sababu ya daktari. Hakuja Iringa hata mara moja. Alipiga simu kwa Adrian kuuliza hali, akakata bila kuomba kuongea na dada yake.

* * *

Mbeya mjini alipitia dukani kwa mzee Anwari, muuza vifaa vya ujenzi, rafiki wa baba yao. Wakati wa ujana wao, toleo jipya likitangazwa, Anwari alikuwa wa kwanza kufika dirishani kwa mzee Dastan, na wakawa wanabishana kuhusu picha ipi imechorwa vizuri mpaka foleni ikalalamika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Dastan! Pita ndani, pita. Huo mkoba umeukumbatia kama mtoto mchanga, una nini?"

Alipoona mafungu mawili yakifunguliwa juu ya kaunta, baina ya misumari na vitasa, alivaa miwani na kuchukua koleo ndogo yenye ncha bapa. Aligeuza stempu moja, akatazama mgongo wake, akatazama vijimeno vya ukingoni.

"Gundi haijaguswa. Hakuna jino lililokatika. Dastan alikuwa na mkono!" Akaweka koleo chini, akahema. "Nilikuwepo tangani, nikanyamaza, kwa kuwa mgeni hasemi kwenye kikao cha ukoo. Lakini iliniuma siku ile, wallahi. Yohane alitazama namba akadhani ndiyo mali. Namba ni bei ya posta ya siku ile tu. Mkusanyaji anatafuta seti. Nne za toleo moja pamoja, hizo zina bei. Zikitengana, hata yenye namba kubwa ni kama mlango usio na fremu."

"Kaka Filemoni alishakuja kwako?"

"Alikuja, miaka mingi sasa. Alikuwa na shida. Nikamwambia hivyohivyo ninavyokwambia. Akazifunga, akaondoka, hakurudi." Mzee alimwangalia juu ya miwani. "Mnataka kuziunganisha mziuze?"

"Hapana, mzee. Mama anataka kusoma. Anasahau kila kitu, ila kitabu anakikumbuka. Nataka akione kimejaa wakati bado anakijua."

Mzee Anwari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na fungu lake mwenyewe?"

"Alizibandika kwenye barua. Mimi na Brayson bahasha tumezipoteza. Labda kaka, lakini naye..."

"Sikiliza. Stempu yenye muhuri, ikiloweshwa majini na kubanduliwa, ni karatasi ndogo tu. Lakini ikiwa juu ya bahasha yake, mahali panasomeka, tarehe inasomeka, inakuwa ushahidi kwamba ilisafiri. Wapo watu duniani wanaotafuta hizo tu. Ukibahatika kupata hata moja, usiiloweke." Akampa ile koleo. "Chukua. Mafuta ya vidole ni adui. Nirudishie ukimaliza, na umsalimie mama yako. Mwambie Anwari bado anasema treni ilikuwa nzuri kuliko maua."

* * *

Mbalizi ilikuwa siku ya soko. Filemoni alikuwa nyuma ya nyumba akipanga magunia ya viazi, mvi zimemjaa, mgongo bado umenyooka. Mkewe Tumpe ndiye aliyemwona kwanza.

"Wifi! Uuu! Wifi kaja!" Akampokea mkoba, akamkumbatia. Halafu kwa sauti ya chini, "Ongea naye taratibu. Ndani ni laini, ila ganda analo."

Filemoni aliitikia salamu bila kuacha gunia.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, kaka. Anasahau tu."

"Amenisahau na mimi?"

Evarista aliinama akamshikia mdomo wa gunia. Filemoni akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Watu hapa wananiuliza kama nilimfukuza. Juzi tu pale sokoni, mwanamke ananiambia, 'Wewe mwenye nyumba ya bati, mama yako analelewa na mkwe?' Nimwambie nini?"

"Mwambie daktari amekataza safari."

"Daktari wa Iringa. Hapa hakuna madaktari, eeh? Njoo."

Alimpeleka mpaka upande wa pili wa nyumba, akafungua mlango wa chumba kilichopigwa lipu mpya. Kilikuwa na kitanda chenye godoro ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni yake, chandarua kimefungwa fundo juu, na dirisha linalotazama mashariki ili jua la asubuhi liingie. Kwenye ukuta karibu na kitanda palikuwa na kijiti kirefu kilichopigwa misumari, cha kushikilia mtu anapoinuka.

"Nilimjengea. Kabla hajaanguka." Sauti yake ilipungua. "Umekuja kuchukua stempu. Brayson amenipigia. Nitakupa. Kwa sharti moja, mama arudi hapa. Kitabu na mama, vyote viwe hapa, kwa mkubwa, inavyotakiwa."

Evarista alikishika kile kijiti cha ukutani. Kilikuwa kimepigwa msasa mpaka kikawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Alifumba macho. Njia nzima tangu Iringa alikuwa akimwomba Mungu alainishe moyo wa kaka yake, na sasa, ndani ya chumba hiki kinachonukia chokaa, aliona kwamba hakuwahi kuomba hata siku moja ajue kaka yake anaumia nini.

"Kaka, sikujua kuhusu chumba hiki."

"Ungejuaje? Hukuuliza."

"Hapo umesema kweli. Nisamehe."

Filemoni hakutegemea neno hilo. Aliondoka, akarudi na kopo la biskuti, akaliweka juu ya nailoni ya godoro. Lilipofunguliwa, juu kulikuwa na fungu lake, zile stempu zenye namba kubwa, ndani ya karatasi ya daftari. Evarista alipoliinua, aliona chini yake kitu kingine, furushi limefungwa kwa mpira wa tyubu.

"Hizo siyo stempu," Filemoni alisema haraka. "Hizo ni bahasha tu za mama."

Evarista alikaa kitandani, nailoni ikalia chini yake.

Zilikuwa bahasha za rangi ya udongo, zimelainika kwa kushikwashikwa. Kwenye kila moja, jina la Filemoni na sanduku la posta la kule mpakani, katika mwandiko mkubwa unaopanda mlima kuelekea kulia. Na kwenye kila pembe, stempu mbili. Ya kulipia, na ya baba yao. Mtoto akicheka. Kichwa cha treni. Ua jekundu. Mihuri ilikuwa myeusi na inasomeka.

"Ulizitunza."

"Nilikuwa nabeba mizigo ya watu pale mpakani," Filemoni alisema, akitazama dirisha. "Niliondoka hapa nikijitapa narudi na gari. Ningemjibu nini? Kila barua nilisema nitajibu nikipata. Sikupata. Halafu nilipata kidogo, ikawa nimechelewa kujibu, nikaona aibu ya kuchelewa. Niliporudi nyumbani hakuniuliza, na mimi sikusema." Akafuta pua kwa kiganja. "Njaa ilinifikisha mpaka kwa Anwari na zile kubwa. Hizi sikumwonyesha."

"Kaka, hili ndilo fungu la mama. Hili ndilo tuliloona limepotea."

"Limepotea vipi? Lilikuwa hapa."

Tumpe, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, akageuka akarudi jikoni nacho.

Evarista alizirudisha bahasha ndani ya kopo, akalifunga, akalisukuma kuelekea kwa kaka yake.

"Sizichukui."

"Nini tena?"

"Zibebe wewe. Siombi stempu tena, naomba uje. Mama hawezi kusafiri, wewe unaweza. Akipata nguvu, chumba hiki atakiona mwenyewe, na mimi sitamzuia hata dakika. Lakini kwa sasa anauliza kila asubuhi, na siku zake za kuuliza zinaisha."

Filemoni alilitwaa lile kopo, akalitia kwapani. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Tumpe! Shati langu jeupe limekauka?"

* * *

Adrian aliwapokea mlangoni, mikono yote miwili mbele.

"Kamwene, shemeji! Karibu Uheheni. Tumechinja kuku, si mbwa kama mnavyotusema sisi Wahehe, unaweza kuhesabu miguu."

Filemoni alicheka kabla hajajizuia, na kwa kicheko hicho akajikuta amekwisha kuvuka kizingiti ambacho alikuwa ameapa kutokikanyaga.

Asubuhi yake, jua lilipofika kibarazani, kitabu kilikuwa tayari. Evarista alikuwa amechomeka stempu kwa ile koleo ya mzee Anwari, tatu tatu, akiacha nafasi ya nne, ile ya mama, wazi mwanzoni mwa kila kikanda. Nafasi nyingi zingebaki wazi milele, alijua. Stempu za hapo zilikuwa zimeenda na moshi wa mkaa wake na usiku wa Brayson stendi. Aliziacha hivyohivyo. Filemoni aliketi kwenye kigoda karibu na magoti ya mama, kopo mapajani, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Mama alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa wengine.

"Wewe ni wa posta?"

Evarista aliona bega la kaka yake likishuka. Lakini Filemoni akajibu.

"Ndiyo, mama. Nimeleta barua."

"Hebu."

Akampa bahasha ya juu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, midomo yake ikaanza kufanya kazi, taratibu, silabi moja moja, kama zamani za ngumbaro.

"Fi... le... mo... ni." Akainua macho. "Huu ni mwandiko wangu."

"Ndiyo."

"Hii nilimtumia mwanangu. Alikuwa mbali." Akagusa muhuri kwa ncha ya kidole. "Ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Zote?"

Filemoni alifungua furushi lote, akalitandaza mapajani mwa mama juu ya blanketi. Mama alizipitia moja baada ya nyingine, bila haraka, na kila moja aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayewapokea watu mlangoni na kuwahesabu kwamba wote wamerudi.

"Nilikuwa sijui," alisema. "Miaka yote nilikuwa sijui kama zinafika. Nilimwambia Mungu, mimi nabandika, wewe fikisha." Akamgeukia Evarista, uso umewaka. "Zilifika, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Lete kitabu."

Walimfungulia ukurasa wa kwanza. Akasoma Kenya, akasoma Uganda, akasoma Tanzania, sauti ikipanda. Evarista alimnyooshea koleo, mama akaitazama asijue ni ya nini, akairudisha. Alichukua bahasha kwa vidole vyake mwenyewe, akaiegemeza kwenye kikanda, mwanzoni, mahali pa fungu lake. Haikuenea, ilikuwa kubwa mno, ikaning'inia nje ya ukurasa. Akaridhika nayo.

Kisha alimtazama tena yule mtu wa posta. Alimtazama mvi, kola iliyobana, mikono mikubwa ya kubeba magunia. Alichukua mkono mmoja, akaugeuza, akaweka kidole gumba nyuma ya kiganja chake na kukikandamiza. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kidole hakitoki, kama anasubiri kitu kishike.

"Filemoni," alisema.